Perege wa Korogwe: ndoana, bwawa na amana ya mto

Wapo wavuvi wenye vyama vyenye majengo, bendera na madaftari ya wanachama. Wapo na wengine ambao jengo lao ni kivuli cha mti, na katiba yao ni kauli ya mjomba. Sisi watu wa Korogwe na Handeni tumo katika kundi hili la pili. Hatukurithi kombe la fedha wala picha ya mwenyekiti ukutani. Tulichorithi ni ufito, mshipi, chambo cha nyungunyungu na adabu za mtoni.

Adabu hizo si chache. Mtoto hufunzwa kwanza kunyamaza, kwa kuwa samaki husikia. Hufunzwa asitupe kivuli chake juu ya maji, aanze kwa bismillahi, amrudishe mtoni samaki mchanga angali hai, na aondoke kitoweo kikishatosha. Juu ya yote hufunzwa kutosogea ukingoni peke yake, kwani Mto Pangani una mamba, na mamba hana muhali na mtoto wa mtu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulikunjwa mtoni, kwa maana zote mbili za methali hiyo.

Makala haya tumeyaandika kwa sababu uanachama huo usio na daftari unaelekea kupoteza kitu chake cha thamani kuliko vyote, nacho ni samaki mwenyewe.

Mto wenyewe

Pangani, ambao wengi wetu huuita Ruvu, hupata maji yake kutoka katika miteremko ya Meru na Kilimanjaro. Hupita bwawa la Nyumba ya Mungu, ukashuka kando ya milima ya Upare na Usambara, ukapokea maji ya Mkomazi na Lwengera katika nchi ya Korogwe, kisha ukaporomoka pale Hale na kuelekea baharini. Mitambo ya umeme ya Hale ilianza kazi mwaka 1964. Bwawa la Nyumba ya Mungu likafuatia katika miaka hiyo hiyo ya 1960. Handeni, ambayo ni nchi kavu, nayo hunywa maji ya mto huu, kwani mradi mkubwa wa maji uitwao HTM huyachota Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi huko. Kwa hiyo jambo linaloupata mto huu haliwi la Korogwe pekee.

Ndani ya maji hayo wamo kambale, mikunga na perege. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki wa Kiingereza, Rosemary Lowe, aliyekuwa akifanya kazi na shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lenye makao yake Jinja, alichapisha maelezo ya perege wa Ziwa Jipe na Mto Pangani ambao sayansi ilikuwa haijawapa majina. Mmoja alipewa jina la Jipe. Mwingine alipewa jina la mji wetu, na hadi leo katika vitabu vya elimu ya samaki duniani kote yumo samaki aitwaye Oreochromis korogwe, yaani perege wa Korogwe. Ni heshima ambayo miji mingi mikubwa haijaipata, na watoto wetu wengi hawajapata kuambiwa habari zake.

Perege huyu, kama jamaa zake wa ukoo huo, ana malezi ya kustaajabisha. Dume huchimba kiota chini ya maji. Jike akishataga, huyachukua mayai kinywani mwake na kuyahifadhi humo hadi yaanguliwe. Hata baada ya vifaranga kuanza kuogelea, wakiona hatari hukimbilia tena kinywani mwa mama. Mwenye kutafakari maumbile ya Mwenyezi Mungu hatakosa somo hapo, na mvuvi mwenye huruma atafahamu ni kwa nini wazee hawakupenda jike mwenye mayai kinywani aingie kikapuni.

Wageni walioletwa

Wakati sisi tukivua kwa ufito, walowezi wa Kizungu katika nchi jirani ya Kenya walikuwa na matamanio mengine. Walitaka samaki wa mchezo, yule anayepigana sana akinasa. Ziwa Naivasha, kabla ya wakati wao, lilikuwa na samaki wa aina moja tu, mdogo sana. Mwaka 1925 wakapandikiza perege, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 wakamleta kutoka Marekani samaki mla-nyama mwenye mdomo mkubwa, aitwaye besi. Wavuvi wa starehe walifurahi. Yule mwenyeji mdogo mara ya mwisho kuandikwa kuwa ameonekana ziwani ilikuwa mwaka 1962.

Hatusemi kwamba besi peke yake ndiye aliyemmaliza, kwani ziwa lile lilipatwa na mabadiliko mengi. Lakini funzo lipo wazi. Anayetia samaki mgeni katika maji, kwa starehe au kwa nia njema, hafungui mlango ambao ataweza kuufunga kesho. Methali yetu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika maji, aghalabu mambo huenda kinyume.

Hapa pana jambo la dini pia. Kitoweo cha majini ni halali kwetu na ni neema. Ila kuitoa roho ya kiumbe kwa mchezo mtupu, bila haja ya kula wala manufaa, wanazuoni wamelikemea. Tofauti kati ya mvuvi wa familia na mvuvi wa fahari haimo katika ndoana, imo katika nia na kadiri.

Mabwawa ya mwaka 1949

Korogwe ina ukurasa mwingine katika historia ya samaki wa Tanzania. Ufugaji wa samaki nchini unaelezwa kuwa ulianza mwaka 1949, kwa majaribio ya kufuga perege katika sehemu mbili, Korogwe na Malya iliyoko Mwanza. Kutokana na majaribio hayo watu walichimba mabwawa mengi. Idadi yake ilikadiriwa baadaye kufikia 10,000 nchi nzima. Mwaka 1967 serikali ilianzisha kampeni ya kitaifa ya kufuga samaki, na mwaka 1972 ufugaji ukatajwa katika sera ya uvuvi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya mabwawa hayo ilikufa. Sababu zilizotajwa ni usimamizi hafifu, mbinu zisizofaa, ukame na miundombinu duni. Mengine yalikuwa madogo mno, ya mita 20 za mraba tu, ukubwa wa chumba cha kulala. Tena perege huzaa upesi. Wakiachwa madume na majike pamoja bila kuvunwa, bwawa hujaa wadogo wengi wanaogombea chakula, na mwenye bwawa huishia kuvua visamaki visivyojaza sahani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bwawa bila daftari nalo ni hivyo hivyo.

Hasara ya pili haikuonekana mapema. Katika kutafuta samaki akuaye haraka, aina za perege wa kigeni zilisambazwa miaka mingi katika mito na maziwa ya nchi yetu. Mkubwa wao ni sato, perege wa Nile, tunayemla leo akija na barafu kutoka Kanda ya Ziwa. Mvua zikifurika, samaki wa bwawani hutoka na kuingia mtoni. Watafiti wa Tanzania na Uingereza waliochunguza maji ya nchi yetu katika miaka ya karibuni wamewakuta wageni hawa katika mabonde mengi, likiwemo bonde la Pangani. Katika maziwa ya upande wa Lindi, ambako naye perege wa Korogwe amekutwa, wameona kwamba anazaana na wageni hao. Wanapochanganyika kizazi baada ya kizazi, mwenyeji hutoweka bila mtu kuona mzoga hata mmoja. Jamaa yake wa Jipe tayari amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini sana kutoweka duniani.

Tufanye nini

Hatumwambii mtu asifuge sato. Familia ina haja ya kitoweo na ya kipato, na bwawa lililotunzwa vizuri ni rehema kwa nyumba. Tunachosema ni kwamba kufuga kuna wajibu wake.

Kwanza, bwawa lichimbwe mahali ambapo mafuriko hayalifikii, na mferejini kuwekwe wavu mzuri wa kuzuia vifaranga. Pili, aliyechoka kufuga asimwage samaki wake mtoni akidhani anafanya sadaka. Huko ni kuwadhuru walio chini yake. Tatu, kabla ya kununua vifaranga amwone afisa uvuvi wa halmashauri, aulize ni wa aina gani na wametoka wapi. Nne, aweke daftari la idadi aliyopanda, chakula alichotoa, uzito aliovuna na fedha iliyoingia. Kazi hii ya daftari inamfaa sana mtoto wa shule wa nyumba hiyo, kwani atajifunza hesabu na amana kwa pamoja.

Na kwa wavuvi wa mtoni, tuwakumbushe kwamba utupa na sumu nyingine, sawa na baruti, ni haramu kwa sheria ya nchi. Sumu haichagui. Huua mama pamoja na watoto waliomo kinywani mwake, na maji hayo hayo yana wanaoyanywa huko chini.

Enyi wazazi wa Korogwe na Handeni, chama chetu hakina jengo, lakini bado kina kazi. Mchukueni mtoto siku moja ya mapumziko hadi ukingoni, mahali pa salama, mkiwa pamoja naye. Mfundisheni kufunga ndoana, kungoja, na kumrudisha aliye mdogo. Kisha mwambieni kwamba katika mto huu yumo samaki mwenye jina la mji wake. Mtoto akishalijua jina hilo, Insha Allah, siku mtu atakapokuja na dumu la sumu, atakuwapo wa kuuliza na wa kukataza.