Doktorarbeit: Jasho Ndani ya Tasnifu (Sehemu ya 3)

Chini ya milima ya Uluguru, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoanzishwa mwaka 1984, watu hupata shahada ya uzamivu kwa kuchunguza udongo wa Mgeta au panya wanaomaliza mahindi shambani. Kitabu kinachozaliwa huko huitwa tasnifu. Wajerumani, katika mazungumzo ya kila siku, husema Doktorarbeit.

Ni maneno mawili yaliyoungwa. Doktor limetoka Kilatini na maana yake ya asili ni mwalimu; sindano na vidonge vilikuja baadaye. Arbeit leo ni kazi tu, lakini katika Kijerumani cha zama za kati lilibeba taabu na mashaka. Anayeteremka kutoka Mgeta na mfuko wa sampuli za udongo mgongoni hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Taabu hiyo, hata hivyo, haikuwa ya mwanafunzi siku zote. Hadi karne ya 18, katika vyuo vya Ujerumani mara nyingi profesa ndiye aliyeandika tasnifu, kwa Kilatini. Mwanafunzi alisimama mbele ya hadhira kuitetea. Katika ulimwengu huo aliingia Mwafrika, Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika Ghana ya leo: mwaka 1729 alijadili mjini Halle haki za watu weusi waishio Ulaya, na mwaka 1734 akatetea Wittenberg tasnifu ya falsafa kuhusu nafsi ya binadamu na hisi zake.

Karne ya 19 ilidai utafiti mpya, ingawa baadhi ya vyuo viliendelea kutoa udaktari kwa ada hata kwa mtu ambaye hakutia mguu chuoni. Mwaka 1876 mwanahistoria Theodor Mommsen aliwashambulia hadharani madaktari hao bandia. Masharti yakakazwa. Yale, Marekani, ilikuwa imekwisha kuiga shahada hiyo mwaka 1861. Oxford ilijivuta hadi 1917.

Msimamizi wa kazi hiyo Wajerumani humwita Doktorvater, yaani baba. Kwa Waluguru, wenyeji wa milima hiyo ya Uluguru, ambao ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, cheo hicho pengine kingemfaa zaidi mjomba. Siku hizi msimamizi akiwa mwanamke huitwa Doktormutter, na hapo Mluguru hana la kupinga.