Uchungu wa Prazikwanteli na Siri ya Fuwele Zake

Mwanafunzi wa Iramba, mkoani Singida, anapogawiwa dawa ya kichocho shuleni, hupimwa kwanza urefu kwa ufito uliotiwa alama, kisha hukabidhiwa vidonge vya miligramu 600. Mwenye kilo 30 humeza viwili, kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo. Wengi hukunja uso. Prazikwanteli ni chungu, na ikitafunwa uchungu huzidi. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya watoto walio chini ya umri wa shule waachwe nje ya ugawaji kwa miaka mingi.

Sehemu kubwa ya uchungu huo hutoka katika nusu ya dawa isiyotibu. Molekuli za prazikwanteli ni za namna mbili, mithili ya kandambili ya kulia na ya kushoto: atomu ni zile zile, mpangilio umegeuzwa kama sura kiooni. Namna iitwayo R ndiyo hasa huwadhuru minyoo. Ile ya S haina nguvu ya maana, nayo ni chungu zaidi. Kiwandani hutoka pamoja, nusu kwa nusu.

Kwa nini basi zisitenganishwe? Mwaka 1848 Louis Pasteur alichambua kwa kibano fuwele za chumvi ya asidi ya tartariki, za kulia huku na za kushoto kule. Bahati hiyo ni adimu. Katika prazikwanteli, R na S hujipanga pamoja ndani ya fuwele moja, kama kandambili zilizolazwa kisigino kwa ncha ndani ya boksi. Hubanana vizuri, na fuwele huwa imara zaidi. Joto hulithibitisha hilo: mchanganyiko huyeyuka kwenye nyuzi 136 hadi 142 za Selsiasi, ilhali R pekee, isiyo na maji, huyeyuka karibu na nyuzi 110. Mchanganyiko ukiyeyushwa na kupozwa, jozi ile ile hurudi.

Mwaka 2011 kundi la Matthew Todd wa Chuo Kikuu cha Sydney lilitangaza njia ya kuikwepa jozi hiyo. Malighafi ya dawa, ambayo ni amini, huunganishwa na asidi ya mkono mmoja itokanayo na tartariki. Chumvi mbili zinazopatikana si taswira za kioo tena: moja huganda, nyingine hubaki majimaji.

Mnamo Desemba 2023, Shirika la Dawa la Ulaya liliunga mkono arprazikwanteli, yaani R pekee, katika kidonge cha miligramu 150 kinachotawanyika majini, kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Kilijaribiwa Kenya na Kodivaa. Mwanafunzi mkubwa bado hupewa kile cha zamani, akimeze kizima, baada ya chakula.