Kukabwa shingo na mwenza: usisubiri alama itokee

Mama anakuja kliniki ya mtoto, khanga kaizungusha shingoni, sauti imekwaruza. Ukimuuliza anasema ni mafua. Hapa Tabora, hasa msimu wa malipo ya tumbaku, fedha zinapozua ugomvi nyumbani, mafua ya namna hiyo mimi siyaamini haraka.

Wengi tunadhani kipigo kibaya ni cha damu na mfupa uliovunjika. Kukabwa kunaweza kusiache hata mchubuko, lakini kunabana mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo, na mtu huweza kuzimia ndani ya sekunde chache. Koo linaweza kuvimba saa kadhaa baadaye. Kiharusi nacho huweza kuja baada ya siku kadhaa, mama akiwa ameshasahau maumivu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uligundua kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake alikuwa na uwezekano wa kuuawa naye zaidi ya mara 7.

Kwa hiyo ukikabwa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama unajisikia vizuri. Usichelewe kabisa ukiwa mjamzito, au ukiona shida ya kupumua au kumeza, vidoti vyekundu machoni, kichwa kuuma sana, au kama ulijikojolea wakati unakabwa. Mwambie mhudumu wazi: "Nimekabwa shingo." Ukisema tu "nimepigwa", anaweza asiangalie koo. Kama ulilazimishwa pia kimwili, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72.

Fomu ya PF3 hutolewa polisi, na vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ila anayeshindwa kupumua atibiwe kwanza, fomu ifuate. Na wanaosema mume ana haki ya kumrudi mkewe, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza.

Jirani, usimhoji mbele ya mume wala kumlazimisha aondoke leo. Siku za kuondoka mara nyingi ndizo za hatari zaidi. Muulize mkiwa kisimani au njiani, wawili tu. Kubali akuachie nakala ya kitambulisho, kadi ya kliniki, nauli na nguo za mtoto. Mkubaliane neno moja ambalo mtoto akitumwa nalo kwako usiku, unajua la kufanya.