Kupima silanga: gridi ipi inastahili hela yako?

Silanga imechimbwa shambani Njoro, Rongai au Subukia, mvua ya Machi iko njiani, na hela iliyobaki pengine inatosha tangi moja. Kabla ya kulinunua, jua silanga inabeba lita ngapi.

Kihesabu, ujazo huo ni intigrali maradufu ya kina. Kanuni ya trapezoidi huikadiria hivi: gawa eneo kwa gridi ya kamba, pima kina kila kamba zinapokutana, hesabu vipimo vya pembe nne mara 1, vya kingoni mara 2, vya ndani mara 4. Zidisha jumla kwa eneo la chumba kimoja cha gridi, gawa kwa 4.

Gharama kubwa ni kibarua wa kupima. Chukua silanga ya mfano ya mita 20 kwa 10, kina mita 3 katikati, kikipungua hadi sifuri kingoni kwa umbo la wimbi la sini. Ujazo kamili ni mita za ujazo 243.2.

Gridi ya 4 kwa 4: vipimo 9 vya ndani, jibu 218.56. Kazi ni ndogo, ila lita 24,600 zimepotea hesabuni, zaidi ya matangi mawili ya lita 10,000. Utanunua tangi usilohitaji.

Gridi ya 8 kwa 8: vipimo 49, jibu 236.95. Kosa limeshuka hadi robo.

Gridi ya 16 kwa 16: vipimo 225, jibu 241.6. Ni sahihi zaidi, lakini utalipa kibarua zaidi ya mara nne kwa ajili ya lita 4,700 tu.

Nafuu zaidi ni mbinu ya Richardson. Vile vipimo 9 vimo tayari ndani ya vile 49, kwa hiyo hupimi tena. Zidisha jibu la pili kwa 4, toa la kwanza, gawa kwa 3: unapata 243.1. Vipimo 49 vimeshinda 225. Sharti ni moja: sakafu ya silanga iwe laini. Ikiwa ina ngazi au mawe makubwa, faida hiyo hupungua sana.

Kuhusu programu, usilipie leseni ya kila mwaka kwa kazi hii. Python na maktaba ya NumPy ni bure. Ukishapakua mara moja, inafanya kazi bila bando. Daftari la msimbo la mtandaoni pia ni bure na hufunguka kwenye simu, lakini linakula bando kila unapolifungua. Kwa vipimo 49, hata jedwali la hesabu kwenye simu linatosha.

Kuna gharama mbili zilizojificha. Ya kwanza: tangu NumPy 2.0 ya mwaka 2024, jina la kutumia kwa kanuni hii ni trapezoid. Mafunzo ya zamani yanaandika trapz. Ya pili ni nzito zaidi. Ukijumlisha vipimo vyote kwa uzito sawa, silanga ya ukubwa uleule, lakini ya kuta wima yenye kina cha mita 2, kwa gridi ya 8 kwa 8, itaonekana ina mita za ujazo 506 badala ya 400. Hizo 106 hazipo, na ng'ombe hawatazinywa.

Ushauri: sakafu ikiwa laini, lipia gridi ya 8 kwa 8, tumia programu ya bure, malizia na Richardson. Ikiwa na ngazi, ongeza vipimo hapo penye ngazi tu, ukokotoe sehemu hiyo peke yake. Halafu ndipo uamue kuhusu tangi.