Kibondo na Kasulu: mpunga ubaki na ganda lake

Ukiuliza habari za wadudu wa ghalani Kibondo au Kasulu, utaelezwa habari za mahindi. Dumuzi, mdudu wa asili ya Amerika ya Kati, aligundulika mkoa jirani wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na husaga mahindi na mihogo mikavu hadi ibaki unga. Mpunga wa mabondeni haumvutii sana. Wenyewe una adui mwingine, fukusi.

Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu kwa ute. Kwenye joto la nyuzi 30 hivi, wiki tano zinatosha kizazi kipya kutoka. Mchele uliokobolewa hauna cha kumzuia. Mpunga wenye ganda zima humshinda, kwa hiyo hutafuta ufa, na mbegu huzidiana hapo hasa: jinsi vipande viwili vya ganda vinavyoshikana.

Sokoni mbegu ya Supa husifiwa kwa harufu yake na ya SARO 5 kwa mavuno. Sifa hizo ni za haki, lakini mnunuzi wa mbegu aulize pia kama ganda linafunga. Kupima si kazi kubwa: mwaga konzi moja ya mpunga kwenye ungo, hesabu punje zilizoachama.

Hata mbegu yenye ganda zuri huharibiwa na mikono yetu. Mpunga uliokaushwa ukanyeshewa tena, au uliopigwa kwa nguvu kupita kiasi, hupasuka. Ukihifadhiwa na unyevu unaozidi asilimia 13 au 14, fukusi hustawi.

Kwa mfanyabiashara, hesabu ni kukoboa kadiri anavyouza. Mchele ambao lazima ukae, uingie kwenye mifuko ya PICS, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba, ambamo wadudu hukosa hewa. Teknolojia hiyo ilianzia Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde.

Linalobaki ni fedha. Mkulima anayedaiwa ada ya shule huuza mpunga wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, hata kama ganda lake lingeulinda miezi kadhaa. Njia ya kumsaidia ipo: sheria ya stakabadhi ghalani ya 2005, ambayo humwezesha kuweka mpunga ghalani na kukopa kwa stakabadhi yake badala ya kuuza mapema. Ghala litakalopokea mpunga wa Kasulu lipime unyevu na uzima wa ganda pale mlangoni, na mkulima alipwe kwa vipimo hivyo.