Brutus alimuua Caesar kwa kujifanya mfalme, kisha naye akaweka sura yake kwenye sarafu

Leo kiongozi akitaka watu wamjue, anaposti picha yake mtandaoni. Roma ya kale hakukuwa na simu, ila kulikuwa na kitu kilichofika mikononi mwa askari, muuza mkate na mlipa kodi: sarafu ya fedha iliyoitwa denarius.

Jina hilo ndilo lililozaa neno "dinari" tunalolisoma kwenye Biblia ya Kiswahili, na hata pesa za Kuwait na Jordan zinaitwa hivyo.

Denarius ilianza kutumika karibu mwaka 211 KK (kabla ya Kristo). Ilikuwa na uzito wa takriban gramu 4. Fundi aliweka kipande cha fedha katikati ya mihuri miwili ya chuma, akapiga nyundo, picha zikatokea pande zote mbili.

Sura za nani?

Kwa zaidi ya miaka 150, sarafu za Roma zilibeba miungu, kama vile Roma mwenye kofia ya vita au mapacha Castor na Pollux juu ya farasi. Baadaye wakaongezwa mababu waliokufa zamani. Kichwa cha mtu aliye hai? Hapana. Hayo yalikuwa mambo ya wafalme, na Warumi walijivunia kuwafukuza wafalme wao.

Brutus alilijua hilo vizuri. Mwaka 54 KK, akiwa afisa wa kutengeneza sarafu, alitoa denarius yenye sura ya Libertas, mungu wa kike wa uhuru. Upande wa pili alimweka babu yake wa kale, yule aliyesifiwa kwa kuwafukuza wafalme.

Caesar avunja mwiko

Mapema mwaka 44 KK, kichwa cha Julius Caesar kilitokea kwenye denarius akiwa bado hai. Baadhi yake zilimwita dikteta wa maisha.

Machi 15 mwaka huohuo, maseneta walimchoma visu hadi kufa. Brutus alikuwa mmoja wao. Ndicho kisa cha tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili.

Majambia mawili na kofia

Vita vikazuka. Mwaka 42 KK Brutus alihitaji pesa za kulipa askari wake, akatoa denarius mpya. Upande mmoja una majambia mawili na katikati yake kofia aliyovaa mtumwa akiachwa huru. Chini kuna maandishi EID MAR, yaani Machi 15. Ujumbe wake ni rahisi: visu hivi vimewapa uhuru.

Sasa igeuze sarafu hiyo. Unakutana na kichwa cha Brutus mwenyewe, akiwa hai.

Wapinzani wake, Antony na Octavian, nao walikuwa wameshaweka sura zao. Kila mmoja alitaka askari wajue nani anawalipa.

Oktoba mwaka huo Brutus alishindwa vitani Philippi, akajiua. Octavian ndiye aliyekuja kuwa Augustus, kaizari wa kwanza, na tangu hapo sura ya mtawala kwenye pesa ikawa jambo la kawaida.

Ndiyo maana Yesu alipoonyeshwa dinari ya kodi na kuuliza sura ile ni ya nani, hakuna aliyesita kujibu: ya Kaisari.