Kasa, taa za hoteli na somo la programu

Masomo mengi ya kuandika programu kwa watoto huanza na paka anayekimbiza panya kwenye skrini. Mtoto hufurahi, lakini paka huyo hana sababu ya kufanya anachofanya. Mimi ningempa mtoto ng'amba.

Ng'amba ni kasa aliye katika hatari kubwa mno ya kutoweka duniani, na bado hupanda kutaga kwenye fukwe zetu, Misali kule Pemba ikiwemo. Jike hufukia mayai mia na zaidi mchangani. Baada ya miezi miwili hivi watoto huchomoza, kwa kawaida usiku, na kuufuata upande wenye mwanga zaidi. Tangu enzi na enzi upande huo umekuwa bahari.

Kanuni hiyo inaandikika. Scratch, programu ya bure iliyotolewa na MIT mwaka 2007 na inayopatikana kwa Kiswahili, humwezesha mtoto kuunganisha vipande vya amri bila kuchapa mistari ya kodi. Anaweka namba mbili: mwanga wa bahari 5, taa za hoteli 0. Kisha anaunga amri: rudia, kama taa zinaizidi bahari, elekea hotelini, la sivyo, elekea baharini, songa. Akibofya bendera ya kijani, kasa mia wanamiminika majini.

Sasa mwambie aibadilishe ile 0 iwe 8, asiguse kingine. Wote wanageukia hotelini.

Hapa usiharakishe. Mtoto atadhani programu imeharibika, atataka kuzipangua amri za kasa. Mrudishe azisome upya, moja baada ya nyingine: kasa ametii kila neno. Kilichobadilika ni namba aliyopewa. Kutofautisha amri na taarifa zinazoingizwa ni jambo linalowasumbua hata watu wazima wa kazi hii, na mtoto wa miaka kumi analiona kwa macho yake. Analiona pia suala la uhifadhi lilivyo: kasa hafundishwi upya, ila taa huweza kuzimwa, kukingwa isiangaze ufukweni, au kuwekwa nyekundu, rangi isiyowavuta sana.

Akiuliza taa nyekundu apewe namba gani, mwalimu asimbunie jibu. Ampeleke kwa walinzi wa viota, akaulize walichokiona, kisha arudi kuijaza mwenyewe.